Ng'ombe Nisiye Naye

Ukiniona stejini nimefunga mdomo, jirani, usidhani siku hizi ninaringa. Siwezi kucheka. Nikicheka napasuka. Jumatatu makanga mmoja alinichekesha kidogo tu, mdomo wa chini ukachanika katikati, damu ikashuka mpaka kwa shati. Abiria aliyekuwa karibu yangu akahamia kiti cha nyuma. Nauli nililipa kamili.

Na ukisema uko Makindu hakuna wa kukuhurumia. Nilimpigia simu binamu yangu wa Limuru nikamwambia baridi ya Julai inanimaliza. Alicheka mpaka kredo yangu ikaisha. Kwao Julai ni ukungu na makoti mawili, kwetu ati ni joto mwaka mzima. Lakini kipupwe cha huku, bana, hakiji na ukungu. Kinakuja na upepo. Mvua za masika ziliisha kitambo, za vuli ni mpaka Oktoba huko mwishoni, na hapo katikati ni upepo mkavu na vumbi tu. Unanyonya maji kwa miti, kwa nguo zilizoanikwa, kwa mimi. Nguo zinakauka kwa nusu saa, hiyo nashukuru. Mimi pia nakauka kwa nusu saa.

Miguu ndiyo usiseme. Imepauka mpaka kitinda mimba wangu, anayejifunza kuandika, ameacha kunisumbua na pesa za daftari. Anachukua kijiti, anaketi hapo chini, anaandika a, e, i, o, u kwa muundi wangu. Herufi zinaonekana vizuri sana. Akimaliza, mama yake anafuta kwa mate na kumpa tiki.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa ya bure: ulimi. Mdomo ukikauka, lamba. Si una maji? Nililamba asubuhi, nikalamba mchana, nikalamba kwa mkutano wa shule mpaka mwalimu akaniuliza kama nina swali. Siku ya tatu nilikuwa na duara jeusi kuzunguka mdomo, kama mtoto aliyeiba uji wa wimbi akasahau kupanguza.

Ya pili ilikuwa mafuta ya mgando. Nilipaka mengi, maana mimi kitu nikikilipia nakitumia. Nikapanda bodaboda kutoka nyumbani hadi barabara kuu ya Mombasa, ile njia yetu ya vumbi. Nilipofika, wenzangu wakaniangalia kimya. Mmoja akanipa leso. Mdomo wote ulikuwa umeshika mchanga, nikiusaga kwa meno kama kuku.

Ndipo mtu akaniambia nitafute mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe. Nusu ya Kenya inajipaka hayo na hawana ng'ombe, hilo najua. Lakini dukani nilimkuta mama mzee jirani yetu amesimama, na yeye haachi jambo lipite.

"Kumbe umenunua ng'ombe?"

Sasa, jirani, ningesema nini? Kwamba mtu mzima mwenye ndevu ananunua mafuta ya chuchu apake midomo?

"Eeh, mwaitu. Mmoja tu."

"Anatoa ngapi?"

"Lita kumi."

Sijui lita kumi zilitoka wapi. Zilitoka tu.

Wiki hiyo nikapata kibarua cha kushusha mizigo karibu na hekalu la Masingasinga. Unalijua, lile gurudwara la 1926 ambalo msafiri wa dini yoyote anaingia na kula bure. Masingasinga wa reli ndio walioanza mambo hayo hapa. Njaa ilinishika, nikasema si nami ni msafiri, nimetoka kilomita tatu. Nilisahau sheria mbili. Unafunika kichwa, na unavua viatu.

Kichwa hakikuwa na neno, nilipata kitambaa. Viatu ndivyo vilivyoniumbua. Soksi moja ilikuwa na tundu nyuma, na kwenye tundu hapo kisigino changu na magaga yake yote kikachungulia nje. Magaga ya kuingiza sarafu ya shilingi ikasimama. Sakafu ya pale inang'aa, imesuguliwa, unajiona. Mimi nikipiga hatua, soksi inanasa kwenye ngozi, inatoa sauti: kwaru, kwaru. Familia ya watalii iligeuka yote kwa pamoja.

Nikaketi haraka kuficha miguu. Chapati ya moto, wali, dengu zimekolea pilipili. Nikapiga kijiko cha kwanza.

Yesu wangu.

Ule mpasuko wa katikati uliingia pilipili mpaka kwa mfupa, na mdomo hata hauna mfupa. Machozi yakatoka yenyewe. Mzee mmoja mwenye kilemba aliyekuwa akigawa chakula akaniona nalia, akadhani nimeguswa na wema wao. Akaniongezea dengu. Nilitaka kumwambia asante lakini asante inahitaji midomo. Nikatikisa kichwa. Akaongeza tena.

Kutoka hapo nilienda duka la dawa mbio. Binti wa pale ana umri wa mtoto wangu wa kwanza, na alinihoji kama chifu.

"Mzee, unaoga na nini?"

"Sabuni ya kipande."

"Ile ya kufulia?"

Nikanyamaza.

"Na maji?"

"Ya moto. Ya moto kabisa, baridi hii!"

Akashika kichwa. Ati maji ya moto na sabuni kali yanaondoa mafuta yote ya ngozi. Ati midomo haina vitundu vya kutoa mafuta yake yenyewe kama ngozi nyingine, na mate yakikauka yanaondoka na unyevu uliokuwepo, kwa hivyo kila nikilamba najikausha zaidi. Na mafuta ya mgando hayaleti maji, yanafunga tu yaliyopo. Upake ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na umajimaji. Mimi miaka yote nimekuwa nikijipangusa mpaka kukauka kabisa, nisubiri kupauka, ndipo nipake. Nilikuwa nafunga stoo tupu kwa kufuli.

Akaniambia pia Mmarekani aliyetengeneza Vaseline, Chesebrough, aliyeiandikisha serikalini 1872, eti alikuwa akila kijiko kimoja kila siku na akafika miaka 96. Hilo lilinipa moyo. Kwa jinsi ninavyolamba, mimi lazima nifike mia na ishirini.

Sasa ninaoga maji ya vuguvugu nikitetemeka, napaka nikiwa bado nadondoka maji, na usiku navaa soksi mbili miguu ikiwa imeloa mafuta kama samaki wa kukaanga. Mama watoto amehamisha blanketi lake. Midomo inapona polepole. Shida iliyobaki ni ile nyingine.

Jana jioni mtoto wa jirani alikuja na kikombe. Ametumwa maziwa, atalipa mwisho wa mwezi. Nikamwambia ng'ombe amelala. Leo asubuhi, kabla ya chai, simu ikalia. Shemeji, kaka ya mke wangu, mtu ambaye hajanipigia tangu mwaka juzi.

"Shemeji, habari ya ukoo? Tumesikia Mungu amekubariki. Lita kumi!"

"Shemeji, hiyo..."

"Hapana, tumefurahi. Wazee wamekaa hapa, wamefurahi sana. Wanauliza tu, wale mbuzi wa mahari, wa ntheo, uliosema utaleta mvua ikinyesha, unaleta Jumamosi gani?"

Nikajaribu kucheka ili ionekane ni mzaha. Mdomo ukapasuka palepale.