Bwana Mkubwa Anarudi Nyuma

Hongera zako, mwenye Lamborghini Countach. Injini ya silinda 12, kabureta 6 za Weber, umbo la mkono wa Marcello Gandini, na milango inayopaa juu badala ya kufunguka kando kama ya sisi wengine. Mtaa mzima umejua umefika. Kazi iko kwenye kuondoka.

Maana nyuma huoni kitu. Yale ya mwanzo, ya 1974, yalichongewa mfereji kwenye paa ili kioo cha ndani kipate kuchungulia. Basi wenyewe wana ufundi wao: mlango unafunguliwa, dereva anaketi kwenye kizingiti chake, kiwiliwili nje, shingo imegeuka, mguu unahangaika na klachi nzito, na gari la mamilioni linarudi hivyo, taratibu, watu wakitazama. Utingo angalau hulipwa kwa kuning'inia mlangoni.

Dirisha nalo hushuka kidogo tu. Tiketi ya maegesho itapita, kiwiko kibaki ndani. Na lile bawa kubwa la nyuma, ambalo mnunuzi aliliongezea pesa? Linapunguza kasi. Lakini pichani linapendeza, na picha ndizo zinazotembea, gari likiwa kwa fundi linasawazishwa kabureta.

Ferruccio Lamborghini, kabla ya haya yote, alikuwa akiunda matrekta. Ukikaa kwenye trekta unaona nyuma mpaka kwenye jembe.