Uchungu wa Kulipia

Kizazi chetu hakina sababu ya kulipia uchungu. Sisi tuliupata bure, kwa kijiko, mama ametubana pua na mlango umefungwa. Klorokwini haikuhitaji tangazo. Ukiimeza, malaria inaondoka, halafu unajikuna mwili mzima hadi alfajiri. Serikali ilipoiacha mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeshaizoea, nikadhani mimi na uchungu tumemalizana.

Mpwa wangu amezaliwa baada ya hapo, kwa hiyo ulimi wake hauna historia. Juzi karudi kutoka masomoni Marekani. Nyumba nzima tulitegemea viatu. Akafungua begi, akachomoa makopo yaliyoviringishwa kwenye soksi, akasema, “Mjomba, hii si bia ya kunywa. Hii ni ya kuonja.”

Nikanuna kuanzia hapo.

Ni bia ya viwanda vidogo, ile wanayoiita IPA, tena IPA maradufu. Mpwa alinieleza asili yake kabla hata hajaniruhusu kushika glasi. Zamani Waingereza waliokuwa India walipelekewa bia kwa merikebu, safari ya miezi, basi watengenezaji wakaijaza hopsi kwa wingi isiharibike njiani. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, wa ukoo mmoja na bangi, na ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu. Hayo nimeyaelewa, mtu anayevuka bahari hufunga masurufu. Lakini merikebu zilishapita, friji zikaja, na hopsi badala ya kupungua zikaongezwa. Mwaka 1994 jamaa mmoja wa California, Vinnie Cilurzo, akapika IPA yenye hopsi nyingi kupita kiasi, na tangu hapo wenzake wamekuwa wakishindana. Kichekesho ni kwamba kopo lenyewe limeandikwa ninywe haraka, ikiwa bado mpya, maana harufu ya hopsi haidumu. Dawa ya kuhifadhi ndiyo imekuwa ya kwanza kuharibika!

Kilevi chake ni asilimia 8. Kilimanjaro tuliyoizoea ina 4.5. Kopo moja la mililita 473 linabeba kilevi cha zaidi ya chupa moja na nusu ya Kilimanjaro, kwa hiyo ile hoja ya “kuonja” nikaanza kuiona ina mantiki. Uchungu nao una kipimo chake. Bia nyepesi za kawaida huwa kwenye 10 hadi 20 hivi. Hii, kwa maelezo ya mpwa, ina 90, na aliitaja 90 kwa fahari, utadhani ni alama za mtihani wa taifa.

Mtihani wenyewe ulikuwa wangu. Alitoa fomu ya majaji wa bia wa Marekani. Harufu alama 12, mwonekano 3, ladha 20, inavyokaa mdomoni 5, na hisia ya jumla 10. Jumla 50. Nikauliza, na kukata kiu je? Hakuna. Na ubaridi? Nao hauna alama. Mhudumu yeyote wa baa za kwetu hukuuliza kwanza unataka ya moto au ya baridi, lakini wataalamu hawa wametunga fomu nzima wakaliruka swali hilo. Kanuni moja tu niliikubali bila ubishi: waonja mvinyo hutema, waonja bia humeza, kwa sababu uchungu husikika vizuri kooni.

Tukaanza. Unamimina kidogo, unazungusha glasi, unaingiza pua. Kijana akafumba macho. “Embe, Mjomba. Pasheni. Balungi. Msonobari kwa mbali.” Nikanusa. Kusema haki, embe lilikuwamo. Lakini Buguruni embe linauzwa likiwa embe, halihitaji nauli ya ndege. Akaniambia pia kwamba zipo hopsi ambazo wajuzi husema zinanuka mkojo wa paka, na kwao hilo si tusi. Nikashukuru kwamba hizo hazikuingia kwenye soksi.

Halafu nikanywa. Funda la kwanza lilikuja na utamu wa kimea, likanidanganya. Sekunde chache baadaye ikafika klorokwini, imevaa shati la maua. Ikakaa. Nilimeza mate, ikakaa. Nilikula karanga, ikakaa na karanga. “Huo ndio mwisho mrefu,” mpwa akasema, “unaongezewa alama.” Mtawa mmoja wa Ujerumani wa karne ya 12, Hildegard wa Bingen, aliandika kwamba hopsi huhifadhi kinywaji lakini humzidishia mtu huzuni. Sehemu ya huzuni niliithibitisha nilipoambiwa bei ya kopo.

Msinielewe vibaya, uchungu kwenye pombe siuogopi. Uchagani mbege haikamiliki bila gome la msesewe, na gome hilo ni chungu haswa. Mama mkwe wangu anachemsha ndizi, anaandaa kimea cha ulezi, halafu msesewe anauweka huku anaonja, kwa sababu upo kusimamia utamu wa ndizi, kazi yake inaishia hapo. Gome likizidi, wanywaji hawajazi fomu. Wanahamia kwa jirani. Huko California naona hakuna jirani wa kuhamia, maana wote wamezidisha.

Nilikuwa nimeshaipangia hukumu kali, ndipo mke wangu akaleta kitimoto cha kukaanga, kile chenye mafuta. Nikala kipande, nikanywa. Uchungu ukayafyeka mafuta yote, ulimi ukabaki msafi, na lile balungi likajitokeza vizuri kabisa. Nikarudia ili kuhakikisha. Nikarudia tena kwa faida ya fomu. Tulipotia pilipili ikaharibika, kwa kuwa uchungu na pilipili vilichocheana hadi mpwa akatokwa machozi, akasema ni ya harufu.

Basi nimejaza. Harufu 10, kwa heshima ya embe. Mwonekano 3 zote, maana ina rangi ya dhahabu na povu linalojua kusimama. Ladha 9. Mdomoni 4. Kwa jumla nimeipa 3, na zote hizo tatu ni za kitimoto. Inakuwa 29 kati ya 50, ambayo kwa mizani yao ni “nzuri”. Mpwa ananibembeleza niongeze moja tu ifike 30, ambapo “nzuri sana” ndipo inapoanzia. Nimekataa. Wakiitaka hiyo moja, wapunguze hopsi.