Mpira Mmoja, Mafundi Bandari Nzima

Katika boti ya mashine, kitu cha bei rahisi kuliko vyote ndicho kinachoamua mtakula wapi chakula cha mchana. Mashine hununuliwa kwa mamilioni. Watu huuza ng'ombe, na karafuu ambazo bado ziko mtini. Tangi la mafuta lina heshima yake, huwekwa kivulini na kufunikwa gunia. Halafu, kati ya tangi na mashine, kuna mpira wa mita mbili hivi. Umelala sakafuni, unakanyagwa na kila anayepanda, unatuliwa tenga la samaki juu yake, unaachwa juani mwaka mzima, na siku ukifa kila mtu anashangaa.

Tangu Uchumi wa Buluu uwe wimbo wa kila mkutano, boti za faiba zimeongezeka katika madiko ya Pemba, kuanzia Tumbe mpaka Kisiwa Panza, na kila boti imekuja na mafundi wake wa bure. Mtu asiyewahi kufungua hata redio, akisikia mashine inakohoa, atakwambia akiwa bado yuko mbali, "Hiyo plagi." Badilisha plagi. "Basi kabureta." Osha kabureta. "Mafuta yana maji, mmenunua wapi?" Sijawahi kumsikia hata mmoja akianza na mpira. Mpira haujapewa hadhi ya kuwa ugonjwa.

Boti yetu ni shirika la watu wawili, mimi na mume wa dada yangu. Mimi natoa pesa na yeye anatoa maarifa, na maarifa yametugharimu zaidi. Mpira wa kwanza, ule uliokuja na mashine, ulikuwa na kibofu chake cha kubinya na mshale unaoelekea upande wa mashine. Ulitufaa mpaka jua lilipoutia nyufa nyembamba karibu na kichwa. Cha ajabu, haukuvuja hata tone. Shemegi aliupangusa kwa kidole, akanusa, akatangaza kuwa ni mzima. Kumbe ufa ambao petroli haiwezi kutokea, hewa inaweza kuingilia, na mashine ikishalishwa hewa haikawii kugoma. Tukabinya kibofu mpaka vidole vikafa ganzi, nacho hakikazi ng'o, laini kama tumbo la mtoto aliyefunga, saa kumi na moja jioni.

"Tutafute mpira," nikasema.

"Upo nyumbani," akasema shemegi, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Alileta mpira mweupe wa plastiki, ule ambao mafundi uashi hutia maji kupimia usawa wa ukuta. Alikuwa na hoja, na hoja za shemegi huwa nzuri nchi kavu. "Huu tutayaona mafuta yanavyokwenda. Hospitali kwa nini dripu wanaitia kwenye mpira unaoonyesha?" Mimi sikusomea udaktari. Tukakata kibofu cha zamani, tukakiunga kwenye mpira mpya, tukafunga viungo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kama ifanyikavyo. Petroli ikaonekana inakwenda, nzuri, nyekundu kidogo kwa sababu ya oili. Watoto wakaja kutazama.

Wiki ile kulikuwa na harusi kisiwani Fundo, na boti yetu ikapewa heshima ya kuwavusha wakwe kutoka Wete. Tulipakia akina mama na mabuibui yao, maalim wa chuoni aliyealikwa kusoma khutba ya ndoa, na bibi mmoja mkubwa aliyekumbatia kikapu cha halua na kukataa kumpa mtu yeyote amshikie. Jua la saa saba lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyetu. Maji yalikuwa yanatoka.

Katikati ya ghuba mashine ikazima. Shemegi akaukagua mpira: umejaa mafuta, duara, hauna mkunjo. Akavuta kamba, mashine ikawaka mara moja, tukaenda dakika chache, ikazima tena. Akakagua kizibo cha tangi, kwa sababu usipolegeza kile kiskurubu cha kupitishia hewa tangi hubana pumzi na mafuta hayatoki. Kilikuwa wazi. Akavuta kamba, ikawaka, tukaenda kidogo, ikazima. Mpira ukikaguliwa, hauna kosa.

"Washa, zima, washa, zima," akasema bibi wa halua. "Kwani hamuwezi mkawasha tu?"

Maji nayo hayakuwa yanasubiri majibu. Yalikuwa yanatuchukua kuelekea mlango wa Fundo, na nje ya mlango ule kuna Mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinafika mita 800 hivi na ng'ambo yake ni Tanga. Nikawaza kwamba mwaka 2010 serikali ililaza waya chini ya bahari hii na umeme ukaja kutoka Tanga mpaka Pemba bila kukatika njiani, na hapa petroli imeshindwa kusafiri mita mbili kutoka kwenye tangi letu.

Mzee mmoja akatupita na ngalawa, tanga limejaa upepo wa kusi. Akapunguza mwendo, kama adabu inavyotaka.

"Assalaamu alaykum. Hamjambo?"

"Wa alaykumu salaam. Hatujambo."

"Habari za safari?"

"Njema tu."

"Mnavua?"

"Hapana, tunakwenda harusini."

"Haya, kila la kheri." Akakaza tanga, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia kuwa mashine imekufa. Kauliza habari, na habari huwa njema.

Huko Marekani husimuliwa kwamba Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekuwa akiishi Milwaukee, alipata wazo la mashine ya kupachika siku alipopiga makasia kumpelekea mchumba wake aiskrimu ng'ambo ya ziwa, ikayeyuka kabla hajafika. Mwaka 1909 akaanza kuziuza. Sisi tulikuwa na halua, ambayo haiyeyuki, kwa hiyo hakuna aliyebuni chochote. Tulifika Fundo kwa mtindo wa kuwasha na kuzima, masinia yanaoshwa. Maalim alikuta ndoa imeshafungishwa na maalim mwingine.

Kesho yake tulimwita fundi wa kweli, mzee wa pale Wete ambaye husikiliza kwanza. Hakugusa plagi. Alituamuru tuifunge boti nguzoni, tuiwashe mashine na tuutazame mpira badala ya kumtazama yeye. Tukautazama. Taratibu, mbele ya macho yetu, ule mpira mweupe uliolainishwa na jua ukaanza kubonyea, mbavu zikakutana, njia ikaziba, mashine ikazima. Haukupita muda ukafutuka tena na kuwa duara, bila hata alama ya hatia.

"Mashine haisukumiwi mafuta," akasema fundi. "Inayavuta. Ina pampu yake ndogo ubavuni, ndani mna kiwambo kinachochezeshwa na pumzi ya mashine yenyewe. Mpira wa maji ya bomba husukumwa kutoka ndani, ukiwa laini unavimba tu. Huu unanyonywa. Lazima uwe na ubavu."

Mtu mwingine angeelewa kwamba atafute mpira wa boti. Shemegi alilichukua neno ubavu, akarudi nalo nyumbani, akaanza kutazama vitu. Jikoni kwa dada kulikuwa na mpira wa gesi wa rangi ya chungwa, mgumu, wa nyuzi ndani, na kwa maoni yake ulikuwa mrefu kupita haja. Akakata kipande. Dada aliporudi kutoka Chake alikuta jiko limebanana na mtungi, na sufuria ya wali haikai ila kwa upande.

Nakiri, ule mpira ulikuwa na ubavu. Haukubonyea, na siku za mwanzo shemegi alitembea bandarini kifua mbele. Ila ulitengenezwa kupitisha gesi, si petroli, na petroli ni mtafunaji wa polepole. Iliumenya kwa ndani, ngozi kwa ngozi, na maganda yakawa yanasafiri na mafuta. Vile vipande vya tyubu navyo vikavimba, vikalegea, vikawa vinavuta hewa. Fundi alipofungua chujio na kabureta alikuta chembe nyeusi tele. Akazimimina kiganjani, akamuonyesha shemegi. "Pilipili manga hii mmevuna wapi?"

Kununua mpira unaofaa ni shughuli yenyewe. Dukani niliambiwa kuna aina tatu: orijino, orijino kabisa, na ya Japani. Nikauliza tofauti yake. "Bei," akasema muuzaji, na nadhani ndiyo kauli ya kweli kuliko zote nilizosikia siku ile. Fundi alikuwa amenifundisha kusoma. Mpira wa mafuta wa boti huandikwa ubavuni, tena urefu wote, si kwa karatasi ya kubandika. Tundu la ndani liwe la kipimo cha mashine yenyewe. Ukitia wenye tundu dogo mno mashine itanyonya kwa shida. Utafute namba ISO 7840 au SAE J1527. Penye herufi A, mpira umejaribiwa kustahimili moto kwa dakika mbili na nusu, muda unaotosha kuruka baharini na kuanza kumlaumu shemegi. B haukupitia mtihani huo. Wenye 15 mwishoni, yaani A1-15 au B1-15, ndio usiopitisha mvuke wa petroli ila kidogo sana. Halafu, akasema fundi, lowesha kidole gumba usugue. Nikasugua ule wa "orijino kabisa". Maandishi yote yakahamia kwenye kidole.

Wa kweli ulitoka Unguja, ukaja na meli umefungwa kwenye gazeti, pamoja na kibofu kipya, klipu za chuma kisichoshika kutu na vichwa viwili. Vichwa navyo vina kabila zao: cha Yamaha hakiingii kwenye Tohatsu hata ukisomee dua. Shemegi aliposikia bei alikaa chini, akaniuliza kama ni ya mpira au ya boti.

Siku ya kuufunga fundi aliagiza maji ya moto, ili ncha ya mpira ilainike na iingie kwenye kichwa bila kuchanika. Shemegi akamletea chupa ya chai.

"Ina sukari?"

"Kidogo."

Fundi akainywa, akamtuma maji. Kisha wakabishana juu ya mshale wa kibofu. Shemegi alishikilia kwamba unaonyesha tangi, kwa sababu ndiko yaliko mafuta. Fundi hakujibu, alikigeuza, mshale ukaelekea mashine, akakaza klipu, akakishika wima mshale ukiwa juu, akabinya. Kikakaza. Akabinya tena, kikagoma kubinyika kabisa. Mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza na hatukuwa na cha kubishania, jambo lililowaudhi kidogo waliokuwa wamekusanyika.

Mpira wa zamani fundi aliukatakata vipande vya shubiri moja moja. Alisema akiutupa mzima ataukuta kwenye boti ya mtu mwingine kabla ya magharibi. Ule mpya ulibakisha kipande cha kama mkono mmoja, na shemegi akaenda nacho nyumbani, amekikunja vizuri, kumlipa dada deni lake la jikoni.

Dada akakigeuza huku na huku, akasoma yale maandishi.

"Huu si wa boti?"

"Wa boti, lakini ni bora kuliko wa gesi. Umetoka Unguja. Hata moto unastahimili."

Dada akamrudishia. "Basi nenda kapike botini."