Harage Ndani ya Andazi

Jino lililovunjika ni langu, tena la kutafunia, na kilicholivunja ni harage bichi lililokuwa limejificha ndani ya andazi. Andazi lenyewe nililikaanga mimi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, msimu ambao ukungu wa Lushoto huingia mpaka sebuleni bila kubisha hodi. Mke wangu alikuwa gulioni. Shemeji yangu, Mzigua wa Korogwe, alikuwa amejikunyata kwenye kochi akilalamika kwamba sisi Wasambaa tunaishi ndani ya jokofu. Ili kumziba mdomo nikaingia jikoni, nikakuta sinia lenye madonge sita ya unga wa ngano yamefunikwa kitambaa. Mafuta yalikuwepo, moto ulikuwepo. Nikayakaanga yote.

Hayakuwa na sukari wala hamira. Shemeji alitafuna lake polepole, kwa adabu ya ugenini. Langu likalia kacha!

Binti yangu wa kidato cha pili akatokea mlangoni, mikono kichwani. "Baba! Umekaanga matiti ya klabu ya afya!"

Shemeji akatema.

Ndipo maelezo yakatolewa. Muuguzi alikuwa amekuja shuleni, yule yule waliyemzoea tangu siku za chanjo ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Safari hii alifundisha kujichunguza matiti: vidole vitatu vya kati, kwa nyama ya kidole na si ncha, unazungusha taratibu mpaka kwapani, siku chache baada ya hedhi kwisha. Mazoezi walifanyia kwenye madonge ya unga, mengine yana harage ndani, mengine hayana kitu, maana mkono lazima uujue na ulaini. Kila msichana akaagizwa kuwafundisha wanawake wawili wa nyumbani kwao. Shemeji, kwa bahati yake, aliangukia lisilo na kitu.

Nilitaka kukaripia, ulimi ukakwama. "Haya mambo ya... ya kifua..."

"Titi, baba. Hata wewe unalo. Wanaume nao huugua, ila ni wachache sana."

Laiti angeishia kwenye titi! Usiku ule, bafuni, maji ya moto yakifuka mvuke, nikapeleka vidole vitatu. Kushoto salama. Kulia salama. Katikati, chini ya kidari, kitu kigumu, kimechongoka, hakisogei.

Mtu wa huku akisikia saratani husikia Ocean Road. Kitandani niliisafiri njia nzima: kona zote za kushuka Mombo, kisha basi mpaka Dar es Salaam, mpaka kwenye hospitali ile ya ufukweni waliyoijenga Wajerumani mwaka 1897, Wajerumani wale wale walioubandika mji wetu jina la Wilhelmstal. Alfajiri ilinikuta nimeshawagawia watoto shamba la kabichi.

Nikamwendea mama yangu jikoni, nikamweleza kwa kunong'ona. Akanipapasa kwa kidole kimoja tu, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Mwanangu, hicho ni chembe cha moyo. Hata marehemu baba yako alikuwa nacho."

Aibu ilipopoa nikamtafuta yule muuguzi, nusu kwa kutaka kujua, nusu kwa hasira ya jino. Nikamuuliza: mtoto wa miaka kumi na mitano unamtafutisha saratani ya nini? Akakubali, jambo lililonivunja nguvu. Umri ule saratani ya titi ni nadra mno. Uvimbe wa wasichana karibu wote hauna madhara, mara nyingi huteleza chini ya kidole kama gololi, na titi moja kulipita jingine ni kawaida. Akaniambia pia habari za Shanghai, ambako wafanyakazi wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda waliingizwa kwenye utafiti, nusu yao wakafundishwa kujichunguza. Matokeo yalipotolewa mwaka 2002, waliofundishwa walikuwa wamekufa kwa saratani ya titi sawasawa na wasiofundishwa. Walichowazidi wenzao ni kupasuliwa vivimbe visivyo na neno.

"Sasa?"

"Sasa nani mwingine nyumbani kwako angelitaja titi mezani?"

Sikuwa na jibu. Tanzania saratani hiyo ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Uvimbe wenyewe mwanzoni hauumi. Mwanamke huufunika kwa kanga, akaendelea kupalilia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekosa neno la kuuitia.

Jumapili madonge yakakandwa upya, sinia likawekewa karatasi yenye herufi kubwa: SI CHAKULA. Mke wangu alikosa harage moja. Mama yangu aliyapata yote kabla chai yake haijapoa. Mikono iliyochagua mawe kwenye mchele miaka yote hiyo, utaificha nini? Akajifuta unga, akaanza kulegeza kanga ya kifuani.

"Haya, mwalimu wangu. Tuje kwenye la kweli." Kisha akanigeukia. "Na wewe wa chembe cha moyo, unangoja nini hapa?"

Nikatoka na kikombe changu, nikaenda kumalizia chai barazani kwenye ukungu, nikinywea upande mmoja wa mdomo.