Posa ya Flashi kwa Mzee Windows 98

Kompyuta ya zamani ikigoma kuisoma flashi, wengi huishusha mezani na kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Tafadhali, subirini kwanza. Mle ndani mna barua za marehemu baba, hesabu za duka tangu lilipofunguliwa, daftari la wanachama wa ushirika, picha za harusi zilizopitishwa kwenye skana. Mali hiyo mara nyingi haina nakala popote, na flashi ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuitoa. Mzee hakukataa kwa kiburi. Amevamiwa na kijana asiyemjua, bila barua, bila mshenga, tena kijana huyo anataka kuondoka na mabinti wa nyumba!

Tazama umri wao. USB ya kwanza ilitangazwa mwaka 1996. Windows 98 ikatoka Juni 1998. Flashi zilianza kuuzwa mwaka 2000, na ile iliyouzwa kwa jina la IBM mwishoni mwa mwaka huo ilibeba megabaiti 8 tu. Kwa hiyo mzee alikuwa amekwisha jenga boma, akaweka mlango wa USB na kuzoea kupokea kipanya na kibodi, kabla flashi hazijafika madukani. Mlango anao. Asichokuwa nacho ni utaratibu wa kumpokea mgeni wa ukoo huu.

Na mlango wenyewe ulianza kwa vituko. Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani akiinadi Windows 98 kabla haijatoka. Msaidizi wake, Chris Capossela, akachomeka skana kwenye tundu la USB mbele ya umati, na skrini nzima ikageuka buluu. Ikiwa yalimkuta mwenye mali, sisi wengine tusichomeke kwa pupa. Posa ina ngazi saba, na kila moja ina nafasi yake.

1. Mjue mzee unayemwendea

Bofya kulia kwenye "My Computer", chagua "Properties", kisha soma namba ya toleo. 4.10.1998 ni Windows 98 ya awali. 4.10.2222 A ni Toleo la Pili, la mwaka 1999, na huyo ndiye mzee anayeposeka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Windows Me na Windows 2000, zote za mwaka 2000, pamoja na XP ya 2001, zilitoka kiwandani zikiwa zinaifahamu flashi, kwa hiyo kwao hakuna haja ya ngazi ya tatu.

Windows 95 ya awali na Windows NT 4.0 hazikujengewa mlango wa USB kabisa. Hata Windows 98 ya awali ni ngumu, maana inadai draiva ya mtengenezaji wa flashi yenyewe, na draiva hizo ni adimu siku hizi. Kwa wazee hawa, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa diski kuu, kisha iunganishe na kompyuta mpya kwa adapta ya kutoka IDE kwenda USB. Mafaili yatasomeka kutoka upande wa pili.

2. Mvishe mposaji vazi linalotambulika

Windows 98 inasoma FAT16 na FAT32. NTFS haiijui, na exFAT ilikuja mwaka 2006, mzee akiwa tayari amestaafu. Hata XP huielewa exFAT baada tu ya kupewa nyongeza iliyotolewa mwaka 2009. Basi kwenye kompyuta mpya, fomati flashi yako iwe FAT32. Kumbuka kuwa kufomati hufuta kila kilichomo, kwa hiyo hamisha kwanza vitu vyako.

Chagua flashi ndogo, ya gigabaiti 2 hadi 8. Hati na picha za zama hizo ni nyepesi na zitaenea humo bila kubanana. Pia FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, lakini sitarajii uyakute mafaili ya ukubwa huo kwa mzee huyu.

3. Mtangulize mshenga

Hapa ndipo posa nyingi huvunjika. Mposaji hajipeleki mwenyewe. Hutangulia mshenga, na mshenga wetu ni draiva. Kwa Windows 98 Toleo la Pili kuna kifurushi kinachoitwa NUSB, kilichotengenezwa na wapenzi wa kompyuta hizi ili draiva moja itosheleze flashi za kila kampuni. Chukua kinacholingana na lugha ya Windows yako, na ukipime kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kukitumia.

Kitafikaje kwa mzee, na flashi bado haikaribishwi? Kichome kwenye CD ya kawaida. Usitumie DVD, kwa kuwa visomaji vingi vya miaka hiyo havizisomi.

Sasa safisha njia. Washenga wawili katika posa moja huleta ugomvi, na draiva mbili vivyo hivyo. Washa kompyuta huku ukibonyeza F8, chagua "Safe Mode", fungua "Device Manager" na uondoe draiva zote za flashi zilizowahi kuwekwa, draiva za USB 2.0 kama zipo, pamoja na kila kifaa kilichoorodheshwa kuwa hakijulikani. Zima, washa kawaida, weka NUSB, kisha washa upya tena. Muda wote huo flashi ikae mfukoni. Ukiichomeka mapema, mzee atamwandikisha mgeni kwa jina lisilo lake, na itakubidi uanze kusafisha upya.

4. Pitia mlango mkubwa

Tumia tundu lililoko nyuma ya sipiyu, lile lililopachikwa kwenye ubao mama wenyewe. Matundu ya mbele huunganishwa kwa waya wa ndani, na kwenye sipiyu kuukuu waya huo mara nyingi umelegea. Epuka pia kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake: kila tundu lake hutoa miliampea 100 tu, wakati tundu la kompyuta yenyewe huweza kutoa 500. Flashi nyingi huzimia hapo, na lawama zote zikamwangukia mzee.

Chomeka, kisha ondoa mkono. Kompyuta itatangaza kuwa imeona kifaa kipya, itatafuta, pengine itafungua dirisha zaidi ya moja. Iache imalize. Fungua "My Computer" na utakuta herufi mpya, kama E au F.

Kwenye Windows 2000 na XP za ofisini kuna kikwazo kingine: flashi hutambuliwa lakini herufi haionekani, kwa sababu imegongana na herufi ya diski ya mtandao. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha ipe flashi herufi nyingine iliyo mbali, kama T.

5. Mzee haharakishwi

Kompyuta nyingi za enzi ya Windows 98 zina USB 1.1, ambayo mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti 1.5 endapo kila kitu kitakwenda sawa, na kwa kawaida huwa chini ya hapo. Megabaiti 700 zitachukua dakika 10 au zaidi. Hamisha folda moja baada ya nyingine, ukianza na zile ambazo zikipotea hazirudi: barua, picha, hesabu. Muziki na michezo visubiri.

6. Aga kabla ya kuondoka

Mfumo huweza kushikilia sehemu ya data kwenye kumbukumbu kwanza, ndipo uiandike kwenye flashi. Ukichomoa katikati, jedwali linaloonyesha mahali pa kila faili huvurugika, na folda nzima inaweza kutoweka kwa sababu ya nusu dakika uliyokosa subira. Bofya alama ndogo ya kuondoa kifaa iliyo karibu na saa, ngoja ujumbe wa ruhusa, hakikisha taa ya flashi imetulia, ndipo uchomoe.

7. Wakague wadandiaji

Flashi inayozunguka kutoka steshenari hadi steshenari hurudi na ukoo mpya. Kirusi cha Conficker, kilichoibuka Novemba 2008, kilisambaa pia kupitia flashi kwa kutumia tabia ya Windows ya kujifungulia programu mara kifaa kinapochomekwa. Microsoft ilisambaza sasisho la kuizima tabia hiyo kwa flashi kwenye XP mwaka 2011, kwa hiyo mashine isiyopata sasisho hilo bado iko wazi.

Ukifungua flashi ukakuta folda zimegeuka vijialama vya mkato, usilie na usifomati. Kwa kawaida mafaili yamefichwa tu. Ipeleke kwenye kompyuta yenye programu ya kuzuia virusi, ikiondoe kirusi, kisha fungua dirisha la amri na uandike, ikiwa herufi ya flashi ni F:

attrib -s -h -r /s /d F:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Amri hii hukubali kwenye Windows 2000, XP na zilizofuata. Familia nyingi zimefuta picha zao kwa mkono wao wenyewe kwa kukosa kujua mstari huu mmoja. Mfundishe mwenye steshenari wa mtaani kwenu.

Baada ya arusi

Mafaili yakifika kwenye kompyuta mpya, yafungue. Kuona majina yake hakutoshi. Hati za Word 97, Works na WordPerfect hufunguka kwa LibreOffice, ambayo ni ya bure. Zilizofunguka zihifadhi pia katika muundo wa sasa, huku ukizitunza zile za asili. Kisha weka nakala sehemu mbili zinazokaa mbalimbali, ili moto au mwizi wa nyumba moja asimalize kila kitu.

Haya yote yanagharimu flashi ndogo, CD tupu na mchana mmoja wa subira. Wakati ndio usionunulika: diski kuu iliyozunguka tangu 1999 inaweza kukwama asubuhi yoyote, na ikikwama hakuna mshenga atakayeizungumzisha. Kama kuna sipiyu iliyofunikwa kitambaa kwenye kona ya ofisi, shule au nyumba yenu, itoeni kumbukumbu zake wiki hii.