Google Hailali Gesti

Ukishuka basi Maganzo, kandokando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, huhitaji intaneti kupata chumba. Kabla hujaweka begi chini, bodaboda wameshakuzunguka na wanakutazama viatu. Ukiwa na buti zenye vumbi, wewe ni mchimbaji mdogo, unapelekwa kwenye vyumba vya nyuma vya bei ya chini. Ukiwa na moka iliyong'arishwa, wewe ni mtu wa serikali umekuja kukagua kitu, unapelekwa kwenye gesti inayotoa risiti. Ukiwa na viatu vya kawaida lakini unageuka nyuma kila mara, wewe ni dalali wa almasi; hupelekwi popote mpaka useme umetumwa na nani.

Mfumo huo haujawahi kukosea sana. Hata hivyo mwenye gesti mmoja, mzee ambaye marehemu baba yake alifanya kazi katika mgodi jirani wa almasi wa Mwadui, aliamua biashara yake iingie mtandaoni, na isiingie hivi hivi: iwe ya kwanza kabisa mtu akiuliza Google. Nikaitwa mimi niandike. Akaitwa pia mtaalamu kutoka Mwanza, kijana mwenye laptopu mbili na sauti ya mtu anayetunza siri ya ukoo. Tukagawana kazi: mimi niwaandikie watu, yeye aiandikie Google. Tatizo ni kwamba ukurasa ulikuwa mmoja.

Sentensi ya kwanza ilikuwa yake. Ilisema: "Karibu gesti Mwadui, gesti nzuri Mwadui, gesti bei nafuu Mwadui, kwa wageni wa Mwadui wanaotafuta gesti Mwadui." Mzee akampa simu shangazi yake asome. Bibi yule akasoma kwa sauti, akafika katikati, akarudia, kisha akairudisha simu kwa huruma. "Mwanangu, imekwama hii. Izime uiwashe."

Mtaalamu hakutikisika. Alieleza kwamba jina Mwadui lina ushindani mkali, na hapo hakusema uongo. Ukiandika Mwadui mtandaoni unaletewa kwanza mpira. Timu ya Mwadui ilishuka Ligi Kuu mwaka 2021, lakini humo mtandaoni bado inacheza kila siku, hasa ile mechi ya Oktoba 2019 ilipoifunga Simba bao 1-0, ambayo wana Yanga wanaihifadhi kuliko vyeti vyao vya kuzaliwa. Baada ya mpira inakuja migodi, hisa na bei za mawe. Gesti yenye vyumba vichache, choo cha ndani na chapati za asubuhi ingepenya vipi hapo?

Dawa yake ilikuwa kupanda juu ya mgongo wa wakubwa. Watu wanatafuta almasi, basi tuandike almasi. Wengine wanaandika kwa Kiingereza, basi tuandike "Diamond" pia. Simu zikaanza kuita siku hiyo hiyo, mzee akafurahi mpaka alipozipokea.

Ya kwanza ilitoka kwa binti wa Kahama aliyetaka kujua kiingilio ni shilingi ngapi, na kama Diamond atapanda jukwaani mwenyewe au atatuma vijana wake.

"Diamond yupi, mwanangu?"

"Platnumz, baba. Si yupo kwenu?"

"Hapa tuna chai na chapati."

Ya pili ilikuwa ya bwana mwenye sauti ya chini sana. Aliuliza karati moja inakwendaje, na kama malipo yanafanyika chumbani. Mzee alikata simu, akafunga na dirisha. Kila mtu wa wilaya yetu ya Kishapu anajua biashara ya almasi inataka leseni, na kwamba tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini, Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, ili dhahabu na mawe viuzwe mezani, si chini ya mto wa gesti. Akanigeukia mimi, kwa kuwa mtaalamu alikuwa Mwanza. "Kijana, polisi wakisoma haya watakuja kulala hapa bila kulipa."

Kisa kilichotushinda kabisa kilianza kwa vijana waliokuja na bahasha za kaki. Walipanga foleni mapokezi tangu alfajiri, mashati yamechomekewa, wanaulizana nani ametangulia. Mhudumu wetu ni binti mwenye adabu asiyejua kumkatalia mtu. Akapokea bahasha moja baada ya nyingine na kuziandikia namba. Vijana walisema wameona kwa Google kwamba hapa kuna nafasi za kazi mgodini. Tukaukagua ukurasa juu mpaka chini. Hapakuwa na neno kazi.

Siri ilifichuliwa na betri. Simu ya mzee ilikuwa inakaribia kuzima, akaiweka kwenye mwonekano wa giza ili isimalize chaji. Ukurasa wetu mweupe ukageuka mweusi, na chini yake, pale palipokuwa patupu, kukachomoza msitu wa maneno meupe: gesti, gest, loji, lodge, geti la mgodi, almasi, dhahabu Geita, Simba, Yanga, nafasi za kazi mgodini, matokeo ya kidato cha nne. Mtaalamu alikuwa ameandika maandishi meupe juu ya nyeupe ili binadamu asione na Google ione. Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa anasubiri chai, aliiomba ile simu, akavaa miwani, akasoma msitu mzima bila kucheka, kisha akatoa hukumu: "Tahajia, nne kati ya ishirini. Mpangilio wa mawazo, sifuri."

Tulipompigia mtaalamu alisema ndivyo Google inavyotaka. Ndipo nikaona huyu kijana anatuuzia ujanja uliokwisha muda wake. Google ilianza mwaka 1998. Mitambo ya utafutaji iliyoitangulia ilitegemea sana kuhesabu maneno, na waandishi wakajifunza kuyarudia. Google ikaangalia na jambo jingine: ni kurasa gani nyingine zinamwelekeza msomaji kwako. Septemba 2009 ikatangaza wazi kwamba ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya ukurasa haitumii kabisa kupanga matokeo ya utafutaji. Februari 2011 ikaleta badiliko lililoitwa Panda, likashusha kurasa zenye maneno mengi na faida kidogo. Aprili 2012 likaja la Penguin, likawaandama warundikaji wa maneno na wanunuzi wa viungo vya mtandaoni. Agosti 2022 ikatangaza jingine dhidi ya kurasa zinazoandikwa kwa ajili ya mtambo badala ya mtu. Kwa maneno mengine, Google yenyewe kwa miaka mingi imekuwa ikituomba tuache kuisemesha yenyewe na tuongee na wateja wetu.

Msomaji asidhani upande wangu wa kuwaandikia watu ulikuwa shwari. Mzee aliagiza ukurasa ufunguke kwa historia, kwa heshima ya baba yake, na historia ya Mwadui ni tamu. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba, aliuanzisha mgodi huu. Mwaka 1947 ukatoa jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, naye Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Lilipochongwa lilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 nyumba ya Cartier ikalipachika katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Niliandika yote hayo, mzee akanipongeza, akamtumia kila ndugu.

Usiku wa manane akapiga dereva wa lori. "Mkuu, nimesoma habari za Mzungu, nimesoma habari za Malkia, sasa hivi bando limekata. Chumba bei gani, na gari linaingia?"

Hakuna mhariri aliyewahi kunipa masahihisho mafupi kuliko hayo. Mtaalamu aliandika anachodhani Google inakitaka, mzee akaagiza anachokitaka yeye, na aliyekuwa na hela mfukoni na usingizi machoni hakuandikiwa na yeyote.

Kuandika bei, hata hivyo, kulikuwa vita. Mfanyabiashara wetu wa mtandaoni yuko tayari kukuonyesha picha ya chumba, shuka, bafu na hata ya mke wa mpishi, lakini bei "njoo inbox". Mzee alikuwa na hoja zake: jirani ataiona atashusha, mteja ataiona ataogopa, na bei ni kitu cha kupatana mkitazamana. Nikamuuliza yeye mwenyewe, akiwa safarini Geita, hupigia simu gesti ipi. Akanyamaza, kisha akasema: "Andika."

Tukaandika upya. Chumba shilingi 20,000 pamoja na chai. Maji yapo, yakikatika kuna tangi. Lori linaingia uani na mlinzi yupo usiku. Nauli ya bodaboda mpaka geti la mgodi ni kiasi fulani, na akikutajia mara mbili ya hiyo, kataa. Historia ya Mwadui ikahamia chini, kwa mgeni aliyekwisha kulipia chumba na bado ana bando. Maneno meupe tuliyafuta yote. Kijana mmoja wa bahasha za kaki alipata kazi kweli: anafua mashuka.

Simu sasa ni chache, lakini zinauliza swali moja tu: "Kipo?" Na mtu akiandika "gesti maganzo ya kupaki lori", kwa tahajia yoyote ile, sisi tunatokea mapema, kwa sababu sentensi inayomjibu imo, imeandikwa mara moja tu.

Kwa hiyo, ndugu mwenye duka, saluni, gesti au shule, ukiletewa mtaalamu anayeahidi kukufanya wa kwanza Google, mpe kiti na chai, umsikilize. Kisha muulize mteja wako wa jana alitaka kujua nini kabla hajaja. Andika hilo juu kabisa, kwa Kiswahili unachomsemesha dukani, na weka bei. Ukimaliza, hakikisha simu yako inapokelewa.