Heko kwa Bodi Isiyofaa Kitu

Kabambe ya bei ya chini kabisa kwenye kibanda cha simu Laini Saba, Kibera, inaishinda bodi hii kwa kila jambo. Haipigi, haipigiwi, haina hata tochi. Ni bodi iliyounganishwa kwa mkono, waya zimetambaa juu yake kama tambi, na katikati imekaa chipu ya Z80 yenye miguu 40. Bado ni kompyuta, na inastahili kusifiwa.

Sifa zake zianze na yale isiyoyaweza. Mwenye bodi hii hawezi kuchukua mkopo wa Fuliza saa nane za usiku, wala kubeti kwamba Arsenal watashinda. Haulizwi nywila. Mwizi akiingia atabeba chaja na kuiacha kompyuta.

Wala haikutoka ukoo mdogo. Kampuni ya Zilog iliitoa Z80 mwaka 1976, chini ya Federico Faggin, mmoja wa waliobuni chipu ya 4004 ya Intel. Z80 ina transista 8,500 hivi. Za simu ya leo huhesabiwa kwa mabilioni. Mwaka 1982 iliingia ndani ya kompyuta ya ZX Spectrum, na watoto wa Uingereza wakawaambia wazazi wao kwamba wanasoma. Zilog ilipotangaza mwaka 2024 kwamba inaacha kuunda ile ya miguu 40, chipu hiyo ilikuwa imetumika miaka 48, bila marupurupu.

Bodi hii ingeifaa Kibera sana. Inataka volti 5 tu, na chaja ya simu inazo. Miguu yake imeachana kwa milimita 2.54, kwa hiyo fundi aliyezoea kuchokoa chipu za simu kwa kioo cha kukuzia ataiona barabara pana. Stima ya sambaza, ile ya kuungwa bila mita, ikipotea, programu iliyomo kwenye chipu ya kumbukumbu ya EPROM haipotei. Kinachoifuta ni mwanga: chipu hiyo ina kidirisha cha kioo, na ukiianika juu ya mabati kwa wiki moja hivi ya jua kali, itasahau kila kitu. Kipande cha karatasi kikibandikwa juu ya kidirisha, kumbukumbu inalindwa.

Kuijaribu Z80 peke yake ndiyo raha yenyewe. Mistari minane ya data huunganishwa na hasi kupitia rezista, ili chipu isome sufuri popote inapotazama. Kwa Z80, sufuri ni amri: usifanye kitu, nenda kwenye anwani inayofuata. Basi inakwenda, anwani 65,536, kisha inaanza upya. Vitaa 16 vikiunganishwa kwenye mistari ya anwani, cha kwanza humetameta upesi, cha pili kwa nusu ya mwendo huo, na kuendelea hivyo. Toleo la CMOS la Z80 linakubali kupunguziwa mapigo yanayoliendesha kadiri utakavyo. Yakishushwa hadi 4,000 kwa sekunde, kitaa cha mwisho hukawia zaidi ya nusu dakika kabla ya kuwaka. Hapo kompyuta inafanya kazi yake kikamilifu, na kazi yenyewe ni kutofanya lolote. Ziko ofisi zinazoendeshwa vivyo hivyo, ila hazina vitaa vya kuonyesha zimefika wapi.

Kisha kuna ukaidi wake, ambao mashabiki huusifu zaidi ya utiifu. Bodi iliyokataa kuwaka huamka fundi anaposogeza kidole, na kuzima akikiondoa. Hakuna uchawi. Mguu mmoja wa kupokea ishara, mara nyingi ule wa WAIT au wa INT, umeachwa bila kuunganishwa popote; unadaka kelele za umeme zinazopita, na kidole kinatosha kuugeuza mawazo. Mita haisaidii sana, kwa sababu kuugusa mguu huo kwa ncha yake kunaweza kuuponya kwa muda, na fundi anaapa kwamba kila kitu kiko sawa. Jioni nzima inaweza kuishia hapo. Tiba ni rezista ya omu 10,000 kutoka kwenye mguu huo hadi kwenye chanya, na inang'oleka bure katika redio yoyote iliyokufa.